Taa na Feni ya Bafuni: Kila Kimoja na Kitufe Chake

Katika nyumba nyingi za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni katika miji yetu ya Uganda, bafu na choo huwekwa katikati ya nyumba, mahali pasipo na dirisha. Ili hewa isichafuke humo, mjenzi hufunga feni ndogo darini au ukutani, nayo kazi yake ni kuvuta hewa yenye mvuke na harufu na kuitupa nje. Jambo hilo ni jema. Ila aghalabu hufuatana na kosa dogo ambalo watu hawalitambui mpaka liwafike: taa na feni huunganishwa kwenye kitufe kimoja. Ukiwasha taa, feni yanguruma. Ukizima taa, feni nayo yanyamaza.

Mimi nalikuwa mmoja wa hao wasiotambua. Tulihamia nyumba ya namna hiyo, tukaizoea sauti yake kama mtu azoeavyo mlio wa kinu cha jirani. Kisha mama yangu mzazi akaja kutoka kijijini kukaa nasi majuma mawili. Wakati huo mdogo wangu, ambaye ni askari polisi, naye alikuwa akiishi kwetu. Juma lile alikuwa na zamu iliyomrudisha nyumbani saa nane za usiku, na chumba chake kilipakana na bafu, ukuta kwa ukuta.

Usiku mmoja, yapata saa kumi, tulisikia kishindo. Tulimkuta mama amelala kwenye sakafu yenye maji, gizani, ameushika mkono wake wa kulia. Hospitalini tuliambiwa kwamba mfupa karibu na kifundo cha mkono umevunjika. Akafungwa plasta kwa majuma sita.

Nilimwuliza, "Mama, kwani hukujua swichi ilipo?"

Akanijibu, "Naijua, baba. Lakini mtu akiibonyeza, ile mashine hulia. Mwanangu ametoka lindo, hata usingizi haujamkolea. Nikasema nitapapasa."

Mdogo wangu alisikia maneno hayo, akainamisha kichwa. Baadaye akaniambia, "Kaka, mimi nimezoea kulala penye kelele. Mama amevunjika mkono kwa ajili ya usingizi ambao hakuna mtu angeuharibu."

Tangu siku ile nilianza kuuliza majirani, na nikagundua kuwa si mama peke yake. Mama mmoja huwaogesha watoto mlango ukiwa wazi ili apate mwanga wa ukumbini bila kuiamsha feni. Mwingine huenda na tochi ya simu. Kwa hiyo kitufe kilichowekwa ili kuleta mwanga kimekuwa sababu ya watu kukaa gizani.

HASARA TATU ZA KITUFE KIMOJA

Hasara ya kwanza nimekwisha kuieleza, nayo ni kelele za usiku. Katika jamaa za askari jambo hili ni zito kuliko kwa watu wengine, maana nyumbani mwao hakuna saa moja ya kulala kwa wote. Huyu ametoka zamu, yule anajiandaa kwenda, na watoto wataamka alfajiri kwa ajili ya shule.

Hasara ya pili ni mvuke. Mtu aogapo maji ya moto, mvuke hujaa bafuni. Amalizapo, hujifuta, huzima taa na kutoka. Feni nayo husimama wakati ule ule, ingawa hapo ndipo kazi yake ilikuwa inahitajika sana. Mvuke ulioachwa huganda ukutani kuwa maji, na panapo maji kila siku, kuvu jeusi huota pembeni na darini. Kuvu hilo haliharibu rangi tu. Kwa mtu mwenye pumu, na hasa mtoto, laweza kumzidishia maradhi.

Hebu tupige hesabu. Chukua bafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 na nusu. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka feni ya bafuni itoe angalau lita 15 kwa sekunde. Kwa mwendo huo feni huhitaji dakika 11 hivi ili kutoa hewa kiasi cha chumba kizima mara moja. Na kwa kuwa hewa mpya huchanganyika na ile ya zamani, mara moja haitoshi. Ndiyo sababu yafaa feni iendelee kuzunguka kwa dakika 15 hadi 20 baada ya mtu kutoka. Nani atakubali kuacha taa ikiwaka bure muda wote huo?

Hasara ya tatu ni kinyume cha hiyo. Mtoto akisahau kuzima taa usiku kucha, feni nayo huzunguka usiku kucha. Feni ya wati 20 haili umeme mwingi: ikizunguka saa moja kwa siku, kwa siku 30 hula sehemu sita za kumi za yuniti moja. Lakini ikiachwa usiku na mchana, mwezi huo huo itakula yuniti 14 na zaidi, na mota yake itachakaa kabla ya wakati.

UMEME WAPITAJE?

Ili kufahamu dawa ya jambo hili, hapana budi tufahamu kwanza umeme unavyopita. Taa huhitaji nyaya mbili ili iwake: waya wa moto, unaoleta umeme, na waya baridi, unaourudisha. Waya wa tatu ni wa ardhi. Huu haubebi umeme siku zote; ni mlinzi anayengoja ajali ili aupeleke umeme ardhini usimpite mtu.

Swichi hukata waya wa moto peke yake. Umeme huteremka ukutani kwa waya mmoja mpaka kwenye swichi, na kitufe kikibonyezwa huvuka na kupanda tena darini kwa waya wa pili. Panapo kitufe kimoja, taa na feni zote zimening'inia kwenye waya huo wa pili. Hizo ni ndoo mbili zilizofungwa kamba moja: ukivuta, zote huja.

Basi kutenganisha maana yake ni hii: badala ya waya mmoja kupanda kutoka kwenye swichi, zipande mbili, mmoja uende kwenye taa na mwingine uende kwenye feni. Na badala ya swichi yenye kitufe kimoja, iwekwe yenye vitufe viwili katika bamba lile lile. Waya wa moto utavigawia vitufe vyote viwili umeme kwa kipande kifupi cha waya kilichofungwa nyuma ya bamba. Waya baridi na waya wa ardhi hubaki kama zilivyokuwa.

NJIA NNE

Fundi aliyetujia alitueleza kwamba zipo njia nne, na kila moja yafaa mahali pake.

Njia ya kwanza ni hiyo ya vitufe viwili. Ndiyo iliyo bora kwa matumizi, lakini ugumu wake umo ukutani. Ikiwa nyaya zimepitishwa ndani ya bomba la plastiki, waya mpya waweza kuvutwa kando ya zile za zamani, na kazi humalizika kwa muda mfupi. Ikiwa zimezikwa katika plasta bila bomba, hapana budi kuchimba ukuta, kupitisha waya, kuziba na kupaka rangi upya.

Njia ya pili haichimbi ukuta. Zipo feni zenye kamba ya kuvuta zilizotengenezwa na swichi yake ndani. Feni ya namna hiyo huunganishwa na waya wa moto usiokatwa na swichi ya taa, na mtu huivuta kamba apendapo. Njia hii hufaa pale ambapo waya wa moto wa kudumu upo darini, katika kile kikombe cha plastiki ambamo nyaya za taa hukutana. Katika nyumba nyingine waya huo huishia kwenye swichi tu, haufiki darini. Fundi hana budi kufungua na kupima kwanza.

Njia ya tatu ni feni yenye saa. Hii huwaka pamoja na taa, lakini taa ikizimwa yenyewe huendelea kwa dakika zilizopangwa, kisha husimama. Nayo pia huhitaji waya wa moto wa kudumu, licha ya ule utokao kwenye swichi, maana bila huo haina umeme wa kuendeleza kazi. Njia hii huponya mvuke, bali haiponyi usingizi: usiku itanguruma kama kawaida, na tena itaendelea baada ya mtu kurudi kitandani. Baadhi ya feni hizo huchelewa kuanza, hivi kwamba mtu akiingia na kutoka upesi haziwaki. Mwenye kununua aulize dukani.

Njia ya nne ni feni inayopima unyevu wa hewa. Mvuke ukizidi huwaka yenyewe, na bafu likikauka huzima yenyewe, bila kuiangalia taa. Ni nzuri kwa nyumba yenye watoto wasahaulifu. Lakini feni ya namna hiyo aghalabu huwa na kirekebisho, na kisipopangwa vyema, siku za mvua au mahali penye unyevu mwingi yaweza kuzunguka ingawa hakuna aliyeoga.

Sisi tulichagua ya kwanza, kwa sababu nyaya zetu zilikuwa ndani ya bomba.

SWICHI SI MLANGO WA UMEME WOTE

Hapa yanipasa nikiri upungufu wangu. Nalisomea ualimu, na kabla ya kuja ofisini nalifundisha watoto somo la sayansi. Kwa kujivunia elimu hiyo ndogo, na kwa uchungu wa mkono wa mama, nilitaka kuifanya kazi hii mwenyewe siku ile ile. Nilizima swichi ya bafu, nikaleta kiti na bisibisi. Mke wangu akasimama mlangoni, akasema hatashika kiti wala tochi mpaka fundi aje. Nilikasirika, lakini nilingoja.

Fundi alipofika, aliiacha swichi ikiwa imezimwa vile vile, akafungua kile kikombe cha darini, akapima. Kipimo chake kikaonyesha volti 240. Akanigeukia na kusema, "Mwalimu, ulikuwa umezima taa. Umeme hujauzima."

Maelezo yake ni haya. Katika nyumba nyingi waya wa moto hupita kwanza darini ndipo uteremke kwenye swichi. Swichi huikata taa tu, na waya ule wa darini hubaki na umeme usiku na mchana. Umeme wa miliampia 30 ukipita moyoni waweza kumwua mtu, na waya unaolisha hata feni ndogo hubeba zaidi ya huo. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, hapana budi kuzima swichi kuu ya nyumba, au ile ya mkondo wa taa katika sanduku la fyuzi, kisha kupima kwa chombo kilichojaribiwa kwanza mahali penye umeme ili ijulikane kuwa ni kizima. Na mtu wa nyumbani aambiwe, asije akaiwasha tena kwa kutojua. Askari afahamu hivi: hata bunduki isiyo na risasi hukaguliwa.

Jambo la pili alilotuonya ni rangi za nyaya. Nyumba za zamani zilizofuata desturi ya Uingereza zina waya mwekundu wa moto, mweusi wa baridi, na wa ardhi wa kijani. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kutumia rangi mpya, na mwaka 2006 ikazifanya za lazima: kahawia kwa moto, buluu kwa baridi, na kijani chenye mstari wa njano kwa ardhi. Nyumba iliyotengenezwa mara kadhaa yaweza kuwa na rangi zote hizo. Tena hata katika nyumba ya zamani, ule mweusi urudio kutoka kwenye swichi huwa na umeme kila taa iwakapo. Rangi hudanganya, kipimo ndicho shahidi.

MAMBO YASIYOFAA KABISA

Jirani mmoja, kwa nia njema, alitushauri tusivute waya mpya. Alisema, "Si upo ule wa ardhi, umekaa bure? Uwekeni uwe wa feni." Fundi alikataa papo hapo. Shauri hilo wengi hulifuata ili kuokoa gharama, nalo ni la hatari kubwa. Waya wa ardhi ukitwishwa umeme, nyumba humpoteza mlinzi wake. Isitoshe, fundi mwingine atakayekuja miaka kumi baadaye ataushika akiamini kwamba hauna kitu.

Pili, swichi ya ukutani ya bafu ikae nje ya mlango. Ndani yafaa ya kamba, ili mkono wenye maji usiguse umeme.

Tatu, feni ya kawaida isifungwe mahali ambapo maji ya kuoga huirukia. Kwa mahali hapo zipo feni za volti 12, ambazo kipunguza-umeme chake hukaa nje ya bafu. Na mkondo unaolisha bafu ulindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30.

Nne, hewa inayotolewa ifike nje ya nyumba. Kuna mafundi huachia bomba la feni katikati ya dari na paa, na mvuke huozesha mbao huko juu pasipo mtu kuona.

Tano, na hili naomba lisomwe mara mbili: feni haitengenezi hewa. Kila inayotoka lazima nyingine iingie mahali pake. Kwa hiyo chini ya mlango wa bafu paachwe nafasi ya kiasi cha milimita 10. Na kwa sababu hiyo hiyo, jiko la mkaa lisiwashwe katika nyumba wala kwenye baraza iliyofungwa karibu na bafu feni ikizunguka, maana feni itauvuta moshi wake ndani. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Sita, nyumba ya serikali si mali ya anayeikalia. Askari aliye katika nyumba za kambini au za polisi asichimbe ukuta wala kugusa nyaya bila ruhusa ya ofisi inayosimamia majengo. Apeleke ombi lake kwa maandishi, aeleze hatari iliyopo. Na kila mwenye nyumba atake kuona kibali cha fundi; nchini Uganda vibali vya mafundi wa nyaya hutolewa na mamlaka inayosimamia umeme.

BAADA YA KUTENGANISHA

Vitufe viwili havitaleta faida kama watu wa nyumbani hawakufundishwa. Sisi tulikubaliana hivi: kwa haja ya usiku, taa peke yake. Kwa kuoga, taa na feni. Amalizaye kuoga huzima taa, hufunga mlango, huiacha feni, na aliye mkubwa huizima baada ya dakika 20. Mchana, nguo mbichi zikitundikwa bafuni siku ya mvua, feni peke yake.

Ili kujua kama feni yako yavuta kweli, chukua kipande chepesi cha karatasi ya chooni, kiweke kwenye wavu wake ikiwa inazunguka. Kikishikwa, yavuta. Kikianguka, basi ama wavu umejaa vumbi, ama bomba limezibwa, labda na kiota cha ndege, ama hewa haina pa kuingilia. Kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, wavu uondolewe na kufutwa vumbi.

Walio na bafu lenye dirisha wasihangaike. Dirisha likifunguliwa baada ya kuoga, kazi hiyo hufanyika bila gharama. Na asiye na fedha za fundi kwa sasa anunue taa ndogo ya usiku, aitundike ukumbini karibu na mlango wa bafu. Haitakausha ukuta, lakini itamwokoa mzee asianguke.

Mama alirudi tena kwetu baada ya mkono kupona, ingawa mpaka leo hauna nguvu za kushika jembe kama zamani. Nilimwonyesha vile vitufe viwili, nikatia tone la rangi nyeupe kwenye kile cha taa ili asivichanganye. Usiku wa kwanza nilisikia mlango wa chumba chake ukifunguliwa. Nikaona mwanga mwembamba chini ya mlango wa bafu. Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka zamu, amelala. Nyumba nzima ilikuwa kimya.

Ndugu msomaji, leo usiku, watu wakiisha kulala, nenda bafuni kwako ukabonyeze swichi, usikilize. Kisha jiulize ni nani nyumbani mwako anayeogopa kuibonyeza.